Kiangazi, Kamera na Kuku Arobaini na Watatu

Ikifika Oktoba mashine yetu ya kukamua alizeti hunyamaza. Mbegu za wakulima zimekwisha, magunia ya mashudu yamebaki machache ukutani, na mimi niliyeshinda kwenye mizani tangu Juni sina cha kupima. Nje hakuna jani bichi. Mvua ya Singida ni ya msimu mmoja: huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, hukatika Aprili au Mei. Baada ya hapo ni baridi ya kipupwe na upepo wake, kisha vumbi, kisha joto la kungojea mawingu. Miezi sita, mwaka mbaya saba, kila kitu rangi ya gunia.

Nina binamu yangu anaishi Minnesota, Marekani. Kila Januari hunitumia picha ya gari lililofukiwa na theluji na kulalamika kwamba hajaona rangi tangu Novemba. Mimi humrudishia picha ya mbuzi anatafuna boksi. Siku moja akaniambia kwamba yeye hubeba kamera majira ya baridi ili tu apate sababu ya kutoka ndani. Nikamcheka. Halafu nikajikuta nafanya hivyohivyo, na kwa misimu mitatu ya kiangazi sasa nimetumia pesa kwenye jambo hili, nyingine vizuri na nyingine kijinga. Nimeziandika zote kwenye daftari kama ninavyoandika kilo za watu. Bei nitakazotaja ni nilizolipa au kutajiwa mwenyewe. Zichukue kwa makadirio, dukani utasikia nyingine.

Tuanze na simu iliyoko mfukoni, kwa sababu umeshailipia. Msimu wa kwanza sikuwa na kingine. Julai jua kwetu huchomoza karibu saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, na kwa nusu saa hivi mwanga huja umelala, unapiga yale mawe makubwa ya mji wetu kwa ubavu. Jiwe ambalo mchana ni jiwe tu, saa hiyo lina mikunjo kama shingo ya mzee. Pimbi wanapanda juu kuota jua. Mjusi wa mawe, kichwa rangi ya chungwa na mwili wa buluu, anapiga pushapu zake. Nilikuwa nimepita hapo miaka mingi nikienda kazini na sikuwahi kumtazama. Gharama ya asubuhi ile ilikuwa sifuri, na nilifika kazini nikiwa mchangamfu kiasi cha kuulizwa kama nimeshinda mkeka.

Ubaya wa simu ni mambo mawili. Jua likishapanda huoni chochote kwenye kioo, unapiga kwa kubahatisha. Na kitu cha mbali haikiwezi. Nilikwenda Ziwa Singidani siku heroe walipokuwa wameshuka, mamia yao wamesimama kwenye maji ya chumvi, wekundu wa waridi katikati ya weupe wa ukingo uliokauka. Nikavuta kwa vidole viwili kwenye kioo, nikapiga picha arobaini. Nyumbani nikakuta madoa ya rangi ya pipi. Kuvuta kwa vidole hakumsogezi ndege. Simu inakata kipande cha picha na kukitanua, basi.

Hapo ndipo nilipopata tamaa ya simu mpya. Dukani kijana akanitolea ya shilingi 380,000.

"Mama, hii ina kamera nne nyuma, megapikseli hamsini."

Nikamuuliza hizo nne zinafanya nini. Akasema zinasaidiana. Ukweli ni kwamba kwenye simu nyingi za bei hiyo inayofanya kazi ni moja. Nyingine mara nyingi ni za megapikseli mbili, zipo kupendezesha mgongo wa simu. Na ile hamsini yenyewe kwa kawaida simu huunganisha pikseli nne kuwa moja, ukapata picha ya kama megapikseli kumi na mbili na nusu. Si wizi, picha inatoka safi zaidi hivyo. Lakini namba ya kwenye boksi isikutoe jasho. Picha ya inchi 4 kwa 6, ile saizi ya albamu, ikichapwa kwa ubora mzuri inahitaji pikseli 1,200 kwa 1,800, yaani megapikseli mbili na kidogo. Simu yako ya miaka mitano iliyopita inazo na zinabaki. Kama haijapasuka kioo cha lenzi, ifute kwa kitambaa safi cha pamba uone itakavyozaliwa upya. Simu mpya sikununua, na katika daftari lote huo ndio uamuzi ninaojivunia.

Kosa langu lilikuwa msimu wa pili.

Kamera ya mtumba niliipata Dar es Salaam kwa muuzaji nisiyemtaja: Canon 600D, mfano uliotoka mwaka 2011, pamoja na lenzi yake ndogo ya milimita 18-55, shilingi 550,000. Umri wake haukunitisha. Kamera ya namna hii yenye miaka zaidi ya kumi bado inatoa picha ambayo simu ya laki nne haiigusi kwenye mwanga hafifu, kwa sababu kidaka mwanga chake ni kikubwa mara nyingi zaidi. Niliibonyeza dukani, ikalia vizuri, nikalipa. Nimefika nyumbani, jioni nikapiga picha kuelekea jua, na picha yote ikawa na ukungu kama kioo cha bafuni. Fundi mmoja akanionyesha kwa tochi: ndani ya lenzi kuna nyuzi nyeupe nyembamba zinatambaa kama mizizi ya nyasi. Fangasi. Unyevu wa pwani huotesha vitu hivyo kwenye kamera iliyofungiwa kabatini. Huku kwetu hewa ni kavu mno, fangasi hawana maisha, kwa hiyo sikuwa na mazoea ya kuwaza jambo kama hilo. Muuzaji simu yake ikawa haipatikani. Lenzi nyingine kama ile nikainunua kwa 120,000.

Kwa hiyo, ukinunua kamera iliyotoka pwani, fungua vifuniko vyote viwili vya lenzi, mulika tochi ya simu upande mmoja na utazame upande wa pili. Punje za vumbi moja mbili si neno. Nyuzi au utando, mrudishie mwenyewe. Angalia pia betri kama imevimba, na uombe kupiga picha ya ukuta mweupe kisha uikuze: alama nyeusi zisizohama picha hadi picha ni uchafu juu ya kidaka mwanga.

Na huo uchafu ndio maradhi ya kwetu. Pwani ukungu, Singida vumbi. Upepo huu ambao kwa miaka mingi tumeahidiwa utageuzwa umeme, kwa sasa kazi yake kubwa ni kuingiza mchanga kwenye sufuria na kwenye kamera. Usibadilishe lenzi nje mwezi wa nane, hata heroe wote wa Bonde la Ufa wakitua mbele yako. Ingia ndani ya gari au dukani kwa mtu, geuza tundu la kamera liangalie chini. Mfuko wa nailoni wa sukari, ule mzito, na kapampu ka mpira ka kupulizia vinatosha. Kapampu na kitambaa viligharimu 15,000. Usipulize kwa mdomo, utatema mate humo.

Sasa hesabu yenyewe. Tuchukue kwamba wewe umekuwa mjanja na hukuuziwa fangasi. Kamera na lenzi yake 550,000. Memori kadi 20,000. Betri ya pili, isiyo ya kampuni yenyewe, 30,000. Hiyo pampu na kitambaa 15,000. Jumla 615,000. Lakini kwa mpango huo bado heroe hujamfikia, maana lenzi ya 18-55 haimsogezi ndege zaidi ya macho yako mwenyewe. Ya kumvuta, 55-250 ya mtumba, niliipata kwa 250,000. Tumefika 865,000. Kwa jogoo wa kienyeji wa shilingi elfu ishirini, umeuza jogoo arobaini na watatu na bado unadaiwa miguu.

Je, ilistahili? Picha ya heroe niliipata, msimu wa tatu, asubuhi isiyo na upepo: kumi na mmoja wamepanga mstari, vichwa vimezama, miguu na vivuli vya miguu vimekutana majini vikawa kama herufi. Sijapata kupiga picha nzuri kuliko hiyo. Ila kwa misimu miwili ya kamera hiyo nimetoa picha za kushika mkononi mia moja na hamsini. Gawa 865,000 kwa 150, bila kuhesabu lenzi niliyorudia kununua: kila moja imenigharimu zaidi ya shilingi 5,700 kabla ya karatasi. Na nikiangalia zile mia moja na hamsini, nusu yake zingetoka vilevile kwa simu. Ndege, mahafali ya usiku na ngoma, hapo kamera inajilipa. Mawe, nyuso, mikono ya mama anayepepeta mtama, mbuzi wa boksi, simu inatosha kabisa. Tena mtu akiona simu halegei wala hakazi. Akiona lenzi ndefu anasimama kama anapigwa picha ya kitambulisho, au anauliza unalipa shilingi ngapi. Kote kuwili omba ruhusa kwanza, na ukiahidi kumpelekea picha, mpelekee.

Ipo njia ya tatu, na watu huidharau: kumlipa mpiga picha. Wale wa kanisani na kwenye mahafali wanaotembea na mashine ya kutolea picha begani hutoza 2,000 kwa moja, unaondoka nayo. Kwa picha ya familia mimi nasema waite wao. Wana taa, wana subira, na wewe mwenyewe utakuwemo kwenye picha. Mwenye kamera ndiye asiyeonekana kwenye albamu ya kwao.

Nimeacha mwisho jambo ambalo pesa yangu ilikwenda kidogo na furaha ikaja nyingi: kusafisha picha, kama tunavyosema bado ingawa hakuna tena dawa ya kusafishia kwenye maduka ya stationeri. Picha elfu mbili kwenye simu ni kama alizeti ghalani, hazikaangi kitu. Hapa mjini nalipa 1,000 kwa picha ya 4 kwa 6 inayotoka kwenye printa ya wino. Maabara ya mji mkubwa huifanya kwa 500, kwenye karatasi ya picha halisi isiyopauka upesi ikitundikwa penye mwanga, lakini kifurushi cha basi kutoka Dodoma ni 5,000. Picha kumi, gharama ni sawasawa pande zote mbili. Kuanzia kumi na moja, tuma Dodoma. Mimi husubiri zifike thelathini: 20,000 badala ya 30,000.

Tahadhari moja. Wote watakuambia "nitumie WhatsApp". Ukituma kwa njia ya kawaida picha inapunguzwa. Kwa 4 kwa 6 hutaona tofauti kubwa, ila kwa A4, inayohitaji megapikseli karibu tisa, nyuso zitatoka kama zimepakwa uji. Tangu 2023 kuna kitufe cha HD, kinasaidia kiasi. Bora zaidi itume kama faili, au ubebe memori kadi mkononi.

Machi iliyopita, alizeti zikiwa zimefungua, nilisimama kwenye shamba la kaka yangu upande wa Ikungi nikapiga picha moja, kwa simu, jua likiwa mgongoni kwangu. Sikuitazama tena hadi Septemba. Nikaitoa A4 kwa 4,000, fremu ya mbao kwa fundi seremala 6,000. Jumla elfu kumi, nusu jogoo. Nikampelekea mama yangu, ambaye ugonjwa wa mtoto wa jicho umemfanya asione chochote kwenye kioo cha simu, kila ukimwonyesha picha anaitikia kwa adabu tu.

Akaipeleka mlangoni penye mwanga. Nje upepo ulikuwa unazungusha vumbi uwanjani, kuku wamejibanza chini ya mkokoteni. Akaisogeza karibu, akaiweka mbali, akapitisha kidole juu ya yale manjano yote polepole, mstari hadi mstari.

"Shamba la nani hili, mwanangu?"

"La kaka, mama."

Kidole kikasimama mahali fulani chini, pembeni kushoto.

"Hapa mbona hakupalilia?"