Bastola gani kwa dubu wa Alaska? Soma haya kabla ya kwenda dukani

Kila mwaka, kuanzia mwezi Juni, samaki aina ya samoni wanapopanda mito ya Alaska, watu na dubu hujikuta wakielekea mahali pamoja. Watu wanakwenda na ndoana na nyavu, dubu wanakwenda na makucha, na wote wanamfuata samaki yule yule. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo huulizwa kila msimu: Je, nibebe bastola? Na kama ni kubeba, nichukue ya aina gani?

Swali hili si la wawindaji na wenyeji wa huko peke yao. Jiji la Anchorage limepokea wakimbizi kutoka Kongo, Somalia na Sudan, na miongoni mwao wamo ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili. Wapo pia wanaofika Alaska kwa kazi za msimu katika viwanda vya samaki, na wengine huenda kutembea tu. Wengi wetu tumekua tukisikia habari za simba, chui na mbogo. Dubu tulimwona katika picha za vitabu vya shule. Kwa sababu hiyo tumeona ni vyema tulieleze suala hili kwa kirefu, maana ushauri wa mitaani mara nyingi huanza na kuishia kwenye ukubwa wa risasi, ilhali mambo yanayookoa maisha ni mengine.

Dubu mwenyewe ni nani?

Idara ya Uvuvi na Wanyamapori ya Alaska inakadiria kuwa jimbo hilo lina dubu wa kahawia wapatao 30,000 na dubu weusi wapatao 100,000. Huko kaskazini kabisa, kwenye barafu, wako dubu weupe. Dubu dume wa kahawia wa kisiwa cha Kodiak anaweza kufikia kilo 680, yaani uzito wa mbogo dume aliyeshiba. Dubu mweusi ni mdogo zaidi, lakini asidharauliwe. Mwezi Juni 2017, katika muda wa siku mbili tu, dubu weusi waliua watu wawili huko Alaska: kijana wa miaka 16 aliyekuwa katika mashindano ya kukimbia mlimani karibu na Anchorage, na mfanyakazi aliyekuwa akichukua sampuli za udongo karibu na mgodi wa dhahabu wa Pogo.

Jambo la kuzingatia zaidi ni mbio zake. Dubu anaonekana mzito, lakini anaweza kukimbia kilomita zaidi ya 50 kwa saa. Maana yake ni kwamba akitokea kichakani mita 30 kutoka uliposimama, una sekunde mbili hivi. Katika sekunde hizo inabidi umwone, utambue kuwa anakuja kweli na si kukutishia tu, utoe silaha, ulenge na ufyatue. Msomaji azikumbuke sekunde hizo mbili, kwani kila tutakalosema hapa chini linazitegemea.

Utafiti unasema nini?

Wataalamu wawili wa dubu, Tom Smith wa Marekani na Stephen Herrero wa Kanada, pamoja na wenzao, walichunguza matukio ya Alaska kwa miaka mingi. Mwaka 2008 walitoa matokeo kuhusu dawa ya pilipili ya kupuliza, ile inayouzwa katika kopo kubwa kwa ajili ya dubu. Waligundua kuwa dawa hiyo ilimzuia dubu wa kahawia katika asilimia 92 ya matukio na dubu mweusi katika asilimia 90. Miongoni mwa watu waliokuwa na kopo hilo dubu alipowakaribia, asilimia 98 hawakudhurika.

Mwaka 2012 walitoa utafiti wa pili, safari hii kuhusu silaha za moto, uliohusisha matukio 269 ya tangu mwaka 1883 hadi 2009. Bastola zilifanikiwa kumzuia dubu katika asilimia 84 ya matukio, na bunduki ndefu katika asilimia 76. Lakini walibaini pia kuwa dubu alipokuwa karibu, kiwango cha kujeruhiwa kwa waliokuwa na silaha kilikuwa kile kile, wawe waliitumia au hawakuitumia. Sababu iliyoongoza kwa silaha kushindwa ilikuwa kukosa muda. Nyingine zilikuwa silaha kukwama, mtu kusahau kuondoa usalama, kukosa shabaha, na risasi kumalizika.

Ni kweli kwamba tafiti hizo mbili haziwezi kulinganishwa moja kwa moja. Ule wa pilipili uliingiza pia dubu waliokuja kwa udadisi tu, na ule wa bunduki uliingiza matukio mengi mabaya. Watetezi wa bastola wamelisema hilo mara nyingi, na wana hoja. Hata hivyo, hakuna katika tafiti hizo panaposemwa kwamba watu waliangamia kwa sababu risasi zao zilikuwa ndogo. Kilichowaangusha wengi ni muda na mikono.

Aina za bastola

Kwanza ieleweke kuwa bastola ni silaha ya akiba. Mwaka 1983 Idara ya Misitu ya Marekani ilichapisha majaribio ya silaha za kujikinga na dubu huko Alaska, na zilizoshika nafasi za juu zilikuwa bunduki ndefu zenye nguvu, kama .375 na .458. Wasomaji wetu waliowahi kuongozana na wawindaji wa mbogo katika mapori ya Tanzania watazitambua namba hizo. Bastola haina nguvu ya bunduki ndefu. Sifa yake ni kwamba inakaa mwilini wakati mikono yako ina ndoana, mzigo au mtoto.

Kuna makundi mawili makubwa. La kwanza ni rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, ambayo huchukua risasi tano au sita. Katika kundi hili jina kubwa ni .44 Magnum, iliyoingia sokoni katikati ya miaka ya 1950, na hadi leo waongozaji wengi wa Alaska wanaibeba. Ndugu yake mdogo ni .357 Magnum ya mwaka 1935, ambayo wengi huihesabu kuwa ya kutosha kwa dubu mweusi, na kiwango cha chini kabisa kwa dubu wa kahawia. Juu ya hizo ziko .454 Casull na .500 ya kampuni ya Smith & Wesson, iliyotoka mwaka 2003. Faida ya rivolva ni kuwa haina mambo mengi: ikikataa risasi moja, unavuta tena na silinda inaleta nyingine.

Kundi la pili ni bastola za magazini, ambazo hujipakia zenyewe. Inayosifiwa zaidi kwa dubu ni ya milimita 10, hasa Glock 20, ambayo huchukua risasi 15 na ni nyepesi kuliko rivolva nyingi za .44. Kikosi cha Denmark kiitwacho Sirius, kinacholinda kaskazini mashariki mwa Greenland kwa kutumia magari ya kukokotwa na mbwa, kiliichagua bastola hiyo kwa ajili ya kujikinga na dubu weupe. Kasoro yake ni kwamba bastola ya magazini inaweza kukwama, hasa ikishikwa kilegevu na mtu aliyeshtuka, au ikibanwa kwenye mwili wa mnyama.

Je, ile ya milimita 9 ambayo watu wengi wanayo nyumbani? Mwaka 2016, Phil Shoemaker, mwongozaji wa siku nyingi wa Alaska, alimwua dubu wa kahawia aliyewashambulia akiwa na wageni wake, kwa bastola ya milimita 9. Habari hiyo ilienea sana na wengine wakadai kuwa sasa mjadala umekwisha. Wanachosahau ni kwamba aliyefyatua ni mtu aliyeishi na dubu kwa miongo kadhaa, kwamba alitumia risasi maalumu ngumu, na kwamba alihitaji kufyatua mara kadhaa. Tukio hilo linatuonyesha kwamba mkono uliozoea ndogo hufanya kazi kuliko mkono unaoogopa kubwa. Haliifanyi milimita 9 kuwa silaha ya dubu.

Maana bastola kubwa hupiga teke. Mtu asiyezoea akifyatua .500 mara moja, mkono unaruka juu, masikio yanalia, na risasi ya pili inachelewa au haiji kabisa. Wako wanaoinunua, wanaijaribu mara mbili, kisha wanaitundika kiunoni na kujiona wamekingwa. Kanuni tunayoweza kuipendekeza ni hii: chukua yenye nguvu kubwa kadiri unavyoweza kuidhibiti kwa risasi mbili za haraka zinazogonga shabaha, wala usizidishe hapo.

Risasi na mahali pa kuibeba

Risasi za kujikinga na binadamu huwa na tundu kichwani ili zitanuke mwilini. Kwa dubu hizo hazifai, kwani husimama kwenye mafuta na misuli kabla ya kufika kwenye ubongo, uti wa mgongo au moyo. Kinachotakiwa ni risasi nzito, ngumu, yenye kichwa bapa, inayopenya bila kutanuka. Kwa .44 Magnum wengi huchukua ya gramu 19 hivi, na kwa milimita 10 ya gramu 13. Risasi hizo mpya lazima zijaribiwe katika bastola yako kabla ya safari, maana si kila bastola huzikubali.

Kuhusu mahali pa kuibeba, waongozaji na wavuvi wengi wa Alaska huivaa kifuani, ndani ya ala yenye mikanda. Kiunoni huzibwa na mkanda wa begi au suruali ndefu za mpira za kuingilia mtoni. Ndani ya begi ni sawa na kuiacha nyumbani. Kopo la pilipili nalo lifungwe mahali ambapo mkono wa pili unalifikia.

Halafu ni mazoezi. Kujifunza kupiga shabaha ya mita 25 kwa utulivu hakusaidii sana. Jizoeze kuitoa bastola kwenye ala na kupiga risasi mbili kwenye shabaha ndogo iliyoko mita 5 hadi 10, kwa sekunde mbili. Kama huwezi, bastola hiyo bado si kinga yako.

Hati zako kwanza

Hapa ndipo wasomaji wetu walio ugenini wanatakiwa kusoma mara mbili. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2003 Alaska hairuhusu tu bali haidai kibali kwa mtu mwenye miaka 21 kubeba bastola iliyofichwa, mradi sheria haimkatazi kuwa na silaha. Lakini sheria ya serikali kuu ya Marekani iko juu ya hapo. Mtu asiye na hati halali haruhusiwi kumiliki wala kushika silaha au risasi. Aliye na viza ya muda, kama ya mwanafunzi, mtalii au mfanyakazi wa msimu, naye amekatazwa, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria, kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa, lakini kosa la silaha linaweza kumfanya afukuzwe nchini. Kudanganya katika fomu ya dukani ni kosa la jinai. Kwa hiyo kabla ya kumwuliza muuzaji, mwulize mwanasheria wa uhamiaji. Na mtu asikupe bastola yake ukaishike "kidogo tu" porini kama hati zako haziruhusu.

Ndani ya hifadhi za taifa, tangu Februari 22, 2010, unaweza kubeba silaha kwa kufuata sheria ya jimbo, lakini kwa kawaida kuifyatua bado kumekatazwa. Anayefikiria kwenda Alaska kwa gari kupitia Kanada afahamu kwamba nchi hiyo ina masharti makali mno ya bastola, na tangu Oktoba 2022 imesimamisha ununuzi na uuzaji wake kwa raia wa kawaida. Kwa ndege, bastola husafirishwa kwenye mzigo wa chini, bila risasi ndani, katika sanduku gumu lililofungwa na baada ya kutangazwa. Kopo la pilipili haliruhusiwi kabisa ndani ya ndege. Linunue ukifika.

Na ukimwua dubu kwa kujitetea, kazi haijaisha. Sheria ya Alaska inakutaka umchune, ukabidhi ngozi yenye makucha pamoja na fuvu kwa serikali, na kujaza ripoti ndani ya siku 15. Kama ulimvuta mwenyewe kwa chakula au takataka ulizoziacha wazi, utetezi wako hautakubaliwa.

Kinachotangulia silaha

Dubu wengi hawataki ugomvi. Tembeeni kundi, ongeeni kwa sauti au imbeni mnapopita vichakani, hasa karibu na mto wenye kelele. Chakula kisilale hemani. Mkimwona, msikimbie, maana anayekimbia hufukuzwa kama mawindo. Simameni pamoja, semeni naye kwa sauti ya kawaida, rudini nyuma polepole. Dubu wa kahawia aliyeshtushwa akikushika, lala kifudifudi na ukinge shingo. Dubu mweusi akikushambulia, pigana naye kwa chochote ulicho nacho.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Kwa anayekwenda mtoni Alaska msimu ujao, mpangilio ni huu: hati zako, sauti yako, usafi wa kambi, kopo la pilipili na mazoezi. Ukishavipata vyote hivyo, ndipo uingie dukani kuchagua bastola.