Tahadhari ya mtoto aliyetekwa nyara hukwama mpakani

Nchi kadhaa duniani zina mfumo wa kuutangazia umma, kwa muda mfupi sana, kwamba mtoto ametekwa nyara. Lakini mifumo hiyo ni ya kitaifa, ilhali anayemchukua mtoto hazuiliwi na mpaka. Kwa familia za Afrika Mashariki, ambazo jamaa zao wametawanyika kutoka Mombasa na Unguja hadi Muscat, London na Minneapolis, ni vyema kufahamu tahadhari hizo hufanya kazi vipi na hukomea wapi.

Mfumo unaojulikana zaidi una jina la mtoto. Mwezi Januari mwaka 1996, katika mji wa Arlington, jimbo la Texas nchini Marekani, Amber Hagerman, msichana wa miaka tisa, alikuwa akiendesha baiskeli alipokamatwa na mwanamume na kuingizwa kwa nguvu ndani ya gari. Jirani mmoja alishuhudia tukio hilo, akawapigia simu polisi na kuwaeleza gari lilivyokuwa. Siku nne baadaye mwili wa mtoto huyo ulipatikana katika kijito. Muuaji hajajulikana mpaka leo.

Habari za gari zilikuwepo tangu mwanzo. Hazikuwa na njia ya kuwafikia maelfu ya madereva waliokuwa barabarani. Redio za eneo hilo zilikuwa na utaratibu wa kukatiza vipindi na kutangaza dhoruba. Mkazi mmoja aliishauri stesheni ya redio kwamba utaratibu huohuo utumike mtoto anapotekwa, na mwaka huohuo mpango ulianza katika eneo la Dallas na Fort Worth.

Mwaka 2003 Rais George W. Bush alitia saini sheria iliyoupa mfumo huo mratibu wa taifa katika Wizara ya Sheria, na kufikia mwaka 2005 majimbo yote 50 yalikuwa nao. Tangu mwaka 2013 ujumbe hutumwa pia moja kwa moja kwenye simu za mkononi za watu waliomo katika eneo husika, kwa mlio usiofanana na mlio wa kawaida.

Masharti magumu

Si kila mtoto aliyepotea hutangaziwa namna hiyo. Kwa mujibu wa mwongozo wa Marekani, polisi wawe na sababu ya kuamini kwamba mtoto ametekwa nyara, wala hakutoroka nyumbani; awe na umri usiozidi miaka 17; awe katika hatari ya kuumizwa vibaya au kuuawa; na ziwepo habari za kutosha kumhusu yeye, mtekaji au gari. Tangazo lisemalo tu kwamba mtoto haonekani halimsaidii dereva aliye njiani. Lenye namba ya gari humsaidia.

Mzazi aliyepotelewa huona masharti hayo kuwa ni ukatili. Hata hivyo yana sababu. Mwezi Julai mwaka 2013 wakazi wa New York waliamshwa na tahadhari kabla ya saa kumi alfajiri, na wapo walioamua kuizima huduma hiyo kwenye simu zao. La mgambo likilia kila siku, watu huacha kutoka nje.

Haraka nayo ina sababu yake. Utafiti uliotolewa mwaka 1997 na ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Washington uliangalia kesi za watoto waliotekwa na kisha kuuawa. Takriban robo tatu yao walikuwa wamekufa ndani ya saa tatu za mwanzo. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Nevada, Timothy Griffin, amelitumia jambo hilohilo kuukosoa mfumo: anasema tangazo aghalabu hutoka wakati mtekaji katili ameshatenda alichokusudia, na kwamba watoto wengi wanaorudishwa walikuwa wamechukuliwa na watu wa familia zao. Hoja yake ni nzito, ingawa sidhani kama yupo mzazi ambaye angekubali tangazo la mwanawe lisitolewe kwa sababu hiyo.

Mipaka ya Ulaya

Bara la Ulaya lilipata somo lake mwaka huohuo wa 1996, pale miili ya wasichana wawili wa miaka minane, waliotoweka mwaka uliotangulia, ilipofukuliwa katika makazi ya Marc Dutroux nchini Ubelgiji. Watu wapatao 300,000 waliandamana mjini Brussels kulalamikia uzembe wa polisi na mahakama. Kutokana na msiba huo lilizaliwa shirika la Child Focus mwaka 1998.

Ufaransa ilianzisha tahadhari yake mwaka 2006. Huko mwendesha mashtaka ndiye aamuaye, na tangazo hurudiwa katika redio na televisheni kwa muda wa saa tatu. Uholanzi ilifuata mwaka 2008. Uingereza ilianza na polisi wa Sussex mwaka 2002, kisha ikaueneza mfumo nchi nzima mwaka 2010.

Tatizo ni jiografia. Kutoka Maastricht nchini Uholanzi, gari huingia Ubelgiji kwa dakika chache tu na Ujerumani kabla ya saa moja kwisha, mara nyingi bila kusimamishwa. Mwezi Mei mwaka 2007, Madeleine McCann, mtoto wa Kiingereza, alipotoweka kusini mwa Ureno, polisi walilaumiwa kwa kuchelewa kuwaarifu walinzi wa mipaka, na Uhispania haikuwa mbali. Mwaka uliofuata Bunge la Ulaya lilitaka nchi wanachama zishirikiane katika tahadhari. Hata hivyo hadi leo kila nchi ina mfumo na masharti yake, na nchi jirani haina budi kuombwa kwanza ndipo itangaze.

Kinachovuka mpaka kwa urahisi ni habari za polisi kwa polisi. Nchi za Schengen zina hifadhi moja ya taarifa, na tangu Machi 2023 mtoto anaweza kuingizwa humo hata kabla ya kuchukuliwa, iwapo kuna hatari ya kutoroshwa. Kwingineko duniani kuna ilani ya manjano ya Interpol, shirika lenye nchi wanachama 196. Ilani hiyo huwafikia maafisa, wala haipigi mlio kwenye simu ya mtu yeyote. Nayo haiombwi na mzazi, bali na ofisi ya Interpol ya nchi husika.

Mzazi anapokuwa mtekaji

Mara nyingi anayemvusha mtoto mpaka ni mama au baba yake. Hapo dawa si tangazo bali Mkataba wa The Hague wa mwaka 1980, unaotaka mtoto wa chini ya miaka 16 arudishwe haraka alikokuwa akiishi, ili mahakama za huko ziamue juu ya malezi yake. Zaidi ya nchi 100 zimejiunga, zikiwemo Zambia na Afrika Kusini. Kenya, Tanzania, Uganda na Oman hazimo. Mtoto akipelekwa Muscat kutoka Birmingham, mzazi aliyebaki hulazimika kufungua kesi upya katika mahakama za huko.

Ndiyo maana kuzuia safari ni rahisi kuliko kurudisha. Uingereza, polisi wakiridhika kwamba mtoto yu karibu kutoroshwa, huweza kuviarifu viwanja vya ndege na bandari, na taarifa hiyo hudumu siku 28. Marekani, mzazi huweza kumwandikisha mtoto wake ili aarifiwe mtu akimwombea pasipoti.

Afrika Mashariki kazi kubwa hufanywa na redio, vipaza sauti vya misikiti na picha zinazosambazwa kwa WhatsApp, nyingi zikiwa hazina tarehe, hata mtoto aliyekwisha kupatikana akaendelea kutafutwa. Kenya, Tanzania na Uganda zina namba moja ya simu ya msaada kwa watoto, 116. Namba fupi kama hiyo ni ya kupigwa ndani ya nchi. Aliye ng'ambo atahitaji ndugu aliyeko nyumbani aipige, kisha aende kituo cha polisi na picha ya karibuni na namba ya pasipoti ya mtoto, na asiondoke bila namba ya taarifa, OB kwa Wakenya au RB kwa Watanzania. Bila jalada hilo, ofisi ya Interpol ya nchi haina pa kuanzia.