Bia ya chumvi ya Leipzig

Mgeni anayeagiza Gose mjini Leipzig, Ujerumani, anaweza kudhani ameuziwa bia iliyoharibika. Kwenye glasi ndefu nyembamba kuna kinywaji cha manjano chenye ukungu, kichachu, chenye chumvi kwa mbali na harufu ya giligilani. Ndivyo kinavyotakiwa kuwa.

Bia hii asili yake ni mji wa Goslar, lakini tangu karne ya 18 wenyeji wa Leipzig wameifanya yao. Kimea cha ngano, mara nyingi nusu au zaidi, huchanganywa na cha shayiri. Hopsi hutiwa kidogo tu, maana zikizidi huwadumaza bakteria wa asidi ya laktiki, jamaa wa wale wanaogandisha mtindi, na uchachu wote hutoka kwao. Hamira huleta kilevi. Sheria maarufu za Wajerumani za usafi wa bia hazitaki chumvi wala giligilani, ila Gose imeachiwa kama bia ya kienyeji.

Zamani haikuhitaji hata kizibo. Ilitiwa ikingali inaumuka katika chupa za shingo ndefu. Hamira ilipanda, ikajikusanya shingoni, ikakauka na kuziba yenyewe.

Siasa ndiyo iliyokaribia kuiua. Kiwanda cha Döllnitz, kinara wa Gose, kilitaifishwa na kufungwa mwaka 1945. Friedrich Wurzler, aliyewahi kufanya kazi huko, alifungua kiwanda kidogo Leipzig mwaka 1949. Baada yake mtoto wake wa kambo aliendeleza, lakini mwaka 1966 kiwanda nacho kikafungwa, na Gose ikatoweka.

Miaka ya 1980, Lothar Goldhahn alikuwa akifufua baa ya kale iitwayo Ohne Bedenken, akataka bia yake ya asili irudi. Aliwasaka wanywaji wa zamani na kuwauliza ilikuwaje. Ndimi za wazee ni ushahidi mwembamba, lakini zilisaidia. Ikapikwa Berlin Mashariki, kwenye kiwanda kilichokwishazoea bia chachu ya Berliner Weisse, na baa ikafunguliwa mwaka 1986. Leo hupikwa pia Bayerischer Bahnhof, ndani ya stesheni ya zamani ya treni.

Anayeshindwa na uchachu huongezewa sharubati nyekundu ya rasiberi, au ya kijani ya mmea wa msituni uitwao Waldmeister. Waliokubuhu humimina ndani yake pombe kali ya kisibiti.