Wangechi Mutu: Kutoka mkasi na wino hadi picha zinazotembea

Na MWANDISHI WETU

KWA zaidi ya miaka kumi, msanii Mkenya Wangechi Mutu alijulikana ulimwenguni kwa vifaa ambavyo mtoto yeyote wa shule anavifahamu: mkasi, gundi, wino na majarida yaliyokwisha kusomwa.

Mwaka 2013 picha zake zilianza kutembea. Katika makumbusho ya sanaa ya Nasher, yaliyo katika Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, alionyesha filamu yake ya kwanza ya vibonzo, 'The End of eating Everything', yenye urefu wa dakika nane hivi.

Hatua hiyo ilizua swali linalowagusa vijana wengi wa Nairobi na Dar es Salaam waliojifunza kuchora kwa penseli na sasa wanatafuta riziki mbele ya kompyuta. Je, mchoraji akishika kompyuta, anauacha ufundi wa mkono wake au anauendeleza kwa njia nyingine?

Mutu alizaliwa Nairobi mwaka 1972. Baada ya kusoma katika shule za jijini humo alikwenda Wales, kisha New York, ambako alihitimu katika chuo cha Cooper Union mwaka 1996. Miaka minne baadaye alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Yale. Wengi hudhani alisomea uchoraji, kumbe huko Yale alisomea uchongaji.

Mwili uliounganishwa

Kazi zilizompatia jina ni picha za wanawake wasiofanana na mwanamke yeyote aliye hai. Mutu hukata macho, midomo, miguu na vipande vya pikipiki kutoka majarida ya mitindo, ya safari na hata ya picha za ngono. Huvibandika juu ya karatasi ya plastiki iitwayo Mylar, kisha humwaga wino na rangi vitapakae kama madoa ya ngozi.

Katika mfululizo mmoja wa katikati ya miaka ya 2000 alitumia michoro ya zamani ya vitabu vya tiba, iliyoonyesha maradhi ya viungo vya uzazi vya mwanamke, na kuigeuza kuwa nyuso. Anayeitazama kwa mbali huona sura ya kupendeza. Akisogea karibu, hutambua kuwa shavu ni uvimbe.

Msanii huyo amewahi kueleza kwamba chochote ambacho jamii inakitamani au kukidharau hubebeshwa mwili wa mwanamke. Ndiyo sababu anaanza na majarida. Hayo ndiyo yanayomfundisha msichana wa mjini urembo ni nini, na ndiyo yaliyokuwa yakimwonyesha mzungu kuwa Mwafrika ni nani.

Hesabu ya picha

Ili jicho lione mwendo katika filamu, kwa kawaida picha 24 hupita mbele yake katika kila sekunde, kila moja ikitofautiana kidogo na iliyotangulia. Kwa hesabu hiyo, filamu ya dakika nane inahitaji picha 11,520.

Wapo wanaoifanya kazi hiyo kwa mkono. William Kentridge wa Afrika Kusini, ambaye filamu yake ya kwanza katika mfululizo wake maarufu ilitoka mwaka 1989, huchora kwa mkaa, hupiga picha, hufuta sehemu ndogo, huchora tena juu ya karatasi ile ile na kupiga picha nyingine. Alama za kilichofutwa hubaki, na mtazamaji huona jana ikichungulia nyuma ya leo.

Kompyuta hufuata njia nyingine. Kila kipande cha picha huwekwa katika tabaka lake, mkono peke yake na kichwa peke yake. Msanii huamua kipande kianzie wapi na kiishie wapi, na programu hukokotoa picha za katikati.

Anayezifahamu kazi za Mutu ataona kwamba utaratibu huo si mgeni kwake. Kukata, kupanga tabaka juu ya tabaka na kuunganisha visivyoungana ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya mezani. Tofauti ni kwamba gundi hukauka na kipande kikatulia, ilhali katika kompyuta kipande kinaweza kusogezwa wakati wowote.

Katika 'The End of eating Everything', mwimbaji wa Marekani Santigold anaonekana kama kichwa cha mwanamke chenye nywele zinazojinyonganyonga, kikilikabili kundi la ndege. Ghafla kinaanza kuwala. Picha inaporudi nyuma, mtazamaji hugundua kuwa kichwa hicho kimeungana na mwili mkubwa kama sayari, uliojaa vidonda, viungo vya binadamu, magurudumu na moshi.

Hapo ndipo sababu ya kutumia filamu inapoonekana. Karatasi ingefichua kichwa na mwili kwa wakati mmoja. Filamu inamtaka mtazamaji auone kwanza uso, auzoee, halafu ndipo aonyeshwe gharama ya ulafi.

Mzigo kichwani

Miaka miwili baadaye, katika maonyesho ya Venice Biennale ya 2015 nchini Italia, Mutu alileta 'The End of carrying All', iliyoonyeshwa kwenye skrini tatu. Mwanamke, anayeigizwa na msanii mwenyewe, anatembea akiwa na kikapu kichwani. Kila hatua kikapu kinaongezeka vitu, yakiwemo majengo, hadi mgongo unapinda na ardhi inammeza.

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Msomaji aliyewahi kuwatazama akina mama wakishusha magunia sokoni alfajiri hahitaji mkalimani. Katika kazi hii mzigo si wa mwanamke mmoja tu, bali ni wa dunia inayolimbikiza vitu bila kuuliza nani anavibeba.

Hata hivyo, filamu hizo mbili zilionyeshwa kwanza ng'ambo, na hilo lina uzito wake. Filamu za sanaa huuzwa kwa nakala chache zenye namba, na wanunuzi wakubwa ni makumbusho na matajiri wa nchi za nje. Aidha, faili na mitambo ya kuionyesha huchakaa na kupitwa na wakati, hivyo anayenunua hununua pia jukumu la kuitunza. Taasisi chache za Afrika Mashariki zina fedha za kazi hiyo.

Si kwamba ujuzi haupo. Mfululizo wa watoto 'Tinga Tinga Tales', ulioanza kurushwa mwaka 2010, ulitengenezwa Nairobi kwa kompyuta kwa kufuata mtindo wa michoro ya Tingatinga ya Tanzania.

Mutu mwenyewe hakuishia kwenye kompyuta. Mwaka 2019 alisimamisha sanamu nne za wanawake, za shaba nyeusi, mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York, katika nafasi zilizokuwa tupu tangu 1902. Ana karakana Nairobi na New York, na anaendelea kuchora, kubandika na kufinyanga.

Kwa kijana anayejiuliza kama kompyuta itamwondolea thamani ya penseli yake, safari hiyo ina jibu. Mashine ilihesabu picha za katikati. Ya kwanza na ya mwisho, na sababu ya kuziunganisha, zilitoka kwa msanii.