Unaunda kompilateri? Chagua mapema namna ya kuipima

Ndugu na dada finalisti, kila mwaka kuna mwenye anachagua kama sujeti ya TFC kuunda lugha yake ndogo ya programu, pamoja na kompilateri ya kuitafsiri. Sujeti nzuri. Wengi wanaacha vipimo mpaka juma la mwisho. Miye nilianza navyo mapema, na bado nikakosea.

Nilichukua JUnit, ju njo tulifundishwa. Kila fonksyo ya kompilateri nikaiwekea kipimo chake, karibu mia mbili, vyote kijani. Kisha mwelekezi akaniomba nibadilishe mti wa sintaksi, na alikuwa na haki. Siku ile ile zaidi ya nusu ya vipimo vikavunjika, na lugha yenyewe haikubadilika hata alama moja! Juma mbili nikawa fundi wa vipimo tu.

Kosa haliko kwa JUnit. Liko kwa mahali nilipoishikiza. Ndani ya kompilateri mambo hubadilika kila siku. Kinachodumu ni milango miwili: kodi inayoingia, na kile kinachotoka, iwe jibu la programu ama ujumbe wa kosa. Kipimo kikae pale mlangoni.

Kompilateri kubwa zinafanya hivyo. Kwa Rust, kuna folda inaitwa tests/ui: kando ya faili ya kodi yenye kosa kunakaa faili ya .stderr yenye ujumbe unaongojewa. Kwa LLVM, ile iko chini ya Clang, amri inaandikwa ndani ya faili ya kipimo, kama komenteri ya RUN:, na programu ndogo ya Python, lit, inaitekeleza. Kisha FileCheck inatafuta tu mistari uliyoitaja kwa CHECK:. Hapo njo uzuri wake. Ukilinganisha asembli yote neno kwa neno, rejista moja ikibadilika kipimo kinaanguka bure. GCC wanatumia DejaGnu, yenye kuandikwa kwa Tcl. Sishauri mtu aanzie kule.

Na sisi je? lit unaipata kwa pip, haili mega mingi. FileCheck kwa kawaida inakuja na LLVM, na ile ni mzigo. Kwa lugha ya TFC, kusema kweli, skripti fupi ya bash na diff inatosha: ipitie kila faili, ikompile, iendeshe, ilinganishe na faili ya jibu. Iangalie pia kodi ya kutokea, maana kompilateri inayokufa kimya itapita kipimo chenye jibu tupu. Na uweke programu mbaya nyingi, zile zinapaswa kukataliwa. Kompilateri inayokubali kila kitu inapita vipimo vyote vya programu nzuri.

Njia hii iko na mtego wake. Kwa Rust kuna --bless, inayoandika upya majibu yote yanayongojewa kwa mara moja. Na miye nilijitengenezea yangu. Lugha yangu ilipaswa kutoa -3 kwa -7 / 2. Siku moja ikatoa -4, nikakubali faili makumi bila kusoma git diff. Kipimo kikabaki kijani, kikilinda kosa, mpaka siku ya kutetea, mwanajuri mmoja alipoomba nigawanye namba hasi.