Je, Wajua? Uvimbe Kando ya Mfereji wa Damu Kichwani

Wewe uliyekaa hapo stendi ya Korogwe ukingoja gari la Handeni, hebu jishike utosi. Chini ya vidole vyako, kutoka usawa wa paji la uso hadi kisogoni, umepita mfereji mkubwa wa damu! Ubongo wako hupokea takriban mililita 750 za damu kila dakika, na sehemu kubwa ya damu hiyo hurudi moyoni kupitia mifereji ya aina hii.

Je, wajua kwamba mfereji huo hauna misuli wala vali? Umejengwa ndani ya utando mgumu unaofunika ubongo, kwa hiyo ukitobolewa haujikunji kama mshipa wa mkononi. Damu hububujika. Au, kichwa kikiwa kimeinuliwa juu ya usawa wa moyo, mfereji hufanya kinyume kabisa: hufyonza hewa!

Na mifereji hiyo inapokutana kisogoni, makutano yake yana jina la Herofilo, tabibu aliyepasua na kuchunguza maiti mjini Alexandria, Misri, yapata miaka 2,300 iliyopita. Ndiyo, hapa hapa Afrika.

Sasa sogea karibu. Upo uvimbe unaopenda kuota kando ya mfereji huo, unaitwa meninjioma. Hauoti kwenye ubongo wenyewe, unaota kwenye utando. Na takriban asilimia 80 ya uvimbe huu si saratani!

Hukua polepole mno, mara nyingi milimita moja au mbili kwa mwaka. Lakini ukipewa miaka, huweza kufikia ukubwa wa chungwa la Michungwani. Mtu anatembea nalo, analima nalo, anacheka nalo.

Huamini? Huko Rotterdam, Uholanzi, watu wazima 2,000 walipigwa picha za ubongo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Takriban mmoja katika kila mia alikuwa na meninjioma, na hakuwa na habari.

Je, wajua kwamba ubongo wenyewe hausikii maumivu? Utando unaoufunika ndio unaoweza kuuma. Kumbe unaposema "kichwa kinaniuma", si ubongo wenyewe unaouma.

Hili sasa litakushangaza zaidi. Mguu unaweza kulegea, ukapakwa kila dawa, kumbe ugonjwa uko utosini! Sehemu ya ubongo inayoendesha miguu iko katikati kabisa, ubavuni mwa mfereji ule. Uvimbe ukiikandamiza upande wa kulia, mguu wa kushoto ndio unaoburutwa.

Korogwe inajua homa. Kituo cha utafiti cha NIMR hapo mjini kilikuwa miongoni mwa vituo 11 barani Afrika vilivyoifanyia majaribio RTS,S, chanjo ya malaria iliyopendekezwa na WHO mwaka 2021. Basi kipimo cha malaria kikirudi hasi, na kichwa bado kinauma wiki baada ya wiki, na macho yanafifia, omba picha ya kichwa, ndugu yangu. Na kifafa kinachomwanza mtu mzima ambaye hakuwahi kuanguka maishani kinastahili picha hiyo hiyo, mapema.

Picha yenyewe ina mkono wa Mwafrika! Hesabu za CT scan zilianzia kwa Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alipokuwa akifanya kazi hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mwaka 1956. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa London tarehe 1 Oktoba 1971, kwa mashine ya Godfrey Hounsfield. Mwaka 1979 wote wawili wakapata Tuzo ya Nobel.

Na mwaka huo huo wa 1971 ndipo hospitali ya KCMC ilipofunguliwa kule Moshi. Leo wa Korogwe anaweza kuanzia hospitali ya Magunga, akapelekwa ile ya Bombo, Tanga, kisha ama apande kwenda KCMC au ateremke hadi MOI, Muhimbili, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996.

Kina mama, hili ni lenu. Meninjioma huwapata wanawake mara mbili au zaidi kuliko wanaume. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2024 ulikuta kwamba waliotumia sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu, kwa mwaka mmoja au zaidi, walikuwa na uwezekano mara 5.6 wa kufanyiwa upasuaji wa uvimbe huu wakilinganishwa na wasioitumia. Usitishike: kwa mwanamke mmoja mmoja hatari bado ni ndogo sana. Muulize muuguzi wako kabla ya kuacha chochote.

Umewahi kumsikia Jenerali Leonard Wood wa Marekani? Alikuwa na meninjioma kando ya mfereji wa utosini, na mwaka 1910 daktari wa upasuaji Harvey Cushing akamfungua kichwa. Mwaka huo huo Wood akawa mkuu wa jeshi la nchi yake! Mwaka 1920 akawania kugombea urais, mwaka uliofuata akawa gavana mkuu wa Ufilipino. Uvimbe ukarudi taratibu, Cushing akampasua tena mwaka 1927, na safari hiyo Wood hakupona. Ubongo wake umehifadhiwa Chuo Kikuu cha Yale hadi leo.

Kwa nini ulirudi? Daktari Donald Simpson alipiga hesabu mwaka 1957. Ukitolewa wote pamoja na utando ulioushika, hurudi kwa wagonjwa 9 katika 100. Ukiachwa sehemu, 44!

Lakini kando ya mfereji, kuacha kidogo huweza kuokoa maisha. Mfereji ukiwa bado unapitisha damu, daktari bingwa anaweza kukiacha kipande kilichougandia kuliko kuuchana. Ukiwa umeziba kabisa, damu imekwisha kujitafutia njia za pembeni, na wakati mwingine sehemu hiyo hukatwa pamoja na uvimbe. Marc Sindou wa Lyon, Ufaransa, amezigawa hali hizo katika aina sita.

Kipande kilichobaki je? Huchunguzwa kwa picha, mwaka hadi mwaka. Kikianza kukua, ipo mashine iliyoanzishwa na Lars Leksell, Stockholm, mwaka 1968: miale takriban 200 myembamba hukutana mahali pamoja kichwani. Hakuna kisu, hakuna kushonwa!

Na hii hapa ya nyumbani. Mwaka 2006 Daktari Dilan Ellegala alifika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, wakati Tanzania nzima ilikuwa na madaktari watatu tu wa upasuaji wa ubongo. Hospitali haikuwa na msumeno wa kufungulia fuvu, na mgonjwa aliyeumia kichwa yuko kitandani. Akanunua wa mkulima, wa kukatia miti, akautakasa, akampasua mgonjwa, na mgonjwa akapona! Kisha akamfundisha kazi hiyo Emmanuel Mayegga, tabibu wa hapo hapo Haydom.