Lipu Juu ya Bodi Zinazostahimili Maji Bafuni

Katika bafu nyingi za Uingereza, kuta huvikwa bodi za saruji, yaani mabapa ya saruji yaliyoimarishwa kwa nyuzi, ambayo hayaozi wala kulegea yakilowa. Lipu ya jasi, ambayo ni unga unaoganda haraka ukichanganywa na maji, hulainika inapolowa mara kwa mara na hubeba takriban kilo 20 tu za vigae kwa mita ya mraba. Kwa hiyo mahali panaporushiwa maji, vigae hubandikwa moja kwa moja juu ya bodi. Palipo pakavu, maungio hufunikwa kwa utepe wa wavu ili yasipasuke, kisha bodi hupakwa rangi ya awali yenye chembechembe za mchanga, ambazo huifanya lipu ishike barabara.